Mukengeria wa Saa Nane

Jumanne, tarehe sita Mei, saa nane na dakika kumi za mchana, nilikuwa nyuma ya nyumba ninayopanga hapa mtaani Satellite, Nairobi, nikianika shuka. Maji ya mfereji hutufikia siku ya Jumanne tu, na siku hiyo yalikuwa yamechelewa. Ilikuwa siku ya tatu ya kazi niliyokaa nyumbani tangu nistaafu, na nilikuwa bado sijajua mtu hufanya nini na mchana. Kibanio cha nguo kilinianguka kando ya tangi. Nilipoinama kukiokota niliona maua madogo ya buluu yamefunguka, na nikabaki nimeinama.

Jirani wa ghorofa ya juu alifungua dirisha. "Mama, umepoteza kitu?"

"Hapana. Nimeona ua."

"Haya," alisema, akafunga dirisha.

Mmea wenyewe hauna ajabu. Ni jani litambaalo ambalo kwetu tunaliita mukengeria, na ambalo kila mfugaji wa sungura kuanzia Kangemi hadi Limuru analijua. Ua lake huishi siku moja. Hufunguka saa moja asubuhi, na kufikia saa tano limejikunja na kuyeyuka, likaacha ute. Nimeufanyia kazi mmea huu na jamaa zake kwa miaka ishirini na tisa, na ningeweza kuapa mbele ya hakimu kwamba saa nane mchana hauwezi kuwa na ua. Kwa kweli niliwahi kufanya jambo linalokaribiana na kiapo hicho. Niliandika, nikatia sahihi.

Ninyi mliobaki pale ofisini mliniomba niandike kuhusu miaka yangu, na nilikuwa nimekusudia kuanza na ushauri juu ya gundi. Sasa nitaandika kuhusu hili. Ya vyeo mtayakuta kwenye faili.

Niliingia hifadhi ya mimea iliyokaushwa nikiwa na digrii mpya na viatu visivyofaa. Jengo mnalijua, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka katikati ya jiji, lakini chumba hamkijui kama kilivyokuwa. Hakukuwa na kompyuta. Kulikuwa na makabati ya chuma kutoka sakafuni hadi darini, harufu ya dawa ya nondo iliyokuwa ikinifuata hadi kanisani, na ukimya wa aina ambayo sijawahi kuikuta mahali pengine. Mimea iliyokaushwa haina sauti, na watu wanaoishughulikia huishia kufanana nayo. Kuna wiki ambazo nilizungumza na mlinzi wa lango asubuhi, nikazungumza naye tena jioni, na katikati sikutoa neno.

Aliyenipokea siku ile ya kwanza alikuwa Mzee Andayi, fundi wa hifadhi, mtu wa magharibi mwa Kenya aliyekuja Nairobi kijana kufyeka nyasi za bustani ya ofisi na akapanda hadi ndani kwa sababu hakukosea mmea. Alinitazama miguuni.

"Wewe ndiye digrii?"

"Naitwa Wanjiru."

"Sawa, Madam Digrii. Hii ni sindano, huu ni uzi. Gundi inashika jani, lakini shina unashona. Ukigundisha shina, mwaka ujao utaliokota chini."

Nilishona mashina kwa miezi minne. Alinifundisha kukaza kwa goti kibanio cha mbao kinachobana mimea kati ya magazeti, kuyabadilisha magazeti hayo kila siku hadi mmea ukauke, na kutoyasoma, kwa kuwa mtu huweza kupoteza asubuhi nzima akifuatilia kesi iliyokwisha zamani. Alinifundisha pia kwamba karatasi ya mtu haiondolewi. Ukiona mwenzako ameupa mmea jina lisilo sahihi, humfuti. Unabandika karatasi yako ndogo kando ya yake, unaandika jina unaloamini, sahihi na tarehe, na aliyekosea anabaki pale kwa heshima yake. Kuna sampuli zenye karatasi tano za namna hiyo, kama mabishano ya watu ambao hawakuwahi kuketi pamoja.

Mukengeria ulikuwa ugonjwa wake. Ukiubana kama mimea mingine, ua hugeuka doa la wino, na huwezi tena kujua lilikuwaje. Kwa hiyo yeye alibeba chupa ya spiriti mfukoni, akalitia ua humo papo hapo, kisha akaandika saa aliyolikuta wazi. Mimi niliona ni mazoea ya mtu mzee. Nilijifunza chuoni kuandika mahali, mwinuko, udongo na tarehe. Saa hakuna aliyenifundisha.

Wakati huo alikuwa akipanga chumba mtaa wa Mountain View, karibu na kijito. Kwenye ukingo wa kijito hicho, alisema, kulikuwa na mikengeria miwili iliyokua imeshikana mashina. Mmoja ulichanua asubuhi kama kawaida. Wa pili ulikuwa ukifunguka saa saba na nusu, na kufunga karibu saa kumi. Alikuwa ameufuatilia kwa misimu mingi. Sampuli za ule wa mchana alizitenga kwenye jalada lake la kaki, na juu ya jalada, kwa penseli, akaorodhesha saa.

"Ni mmea mmoja, Mzee," nilimwambia. "Nimepima majani. Nimehesabu hata vinyweleo vya ukingo wa jani. Hakuna tofauti."

"Sura sijakuuliza. Nimekuuliza wanazaa pamoja?"

"Wako ukingo mmoja. Nyuki ni walewale."

"Nyuki akija asubuhi, huyu wa mchana amefunga. Akija mchana, wa asubuhi ameshakufa. Chavua itapita saa ngapi?"

Sikushawishika. Alivuta kiti.

"Kanisa letu pale Kangemi tuna ukumbi mmoja na ibada mbili. Ya Kiingereza asubuhi, ya Kiswahili mchana. Ukumbi ni huohuo, viti ni hivyohivyo. Lakini angalia vijana. Wa asubuhi wanaoana wa asubuhi. Siku hizi hata nyimbo si moja. Juzi askofu alikuja akataka kwaya ziimbe pamoja. Ilikuwa aibu."

"Na vijana wa mchana?"

"Hao wanachelewa kuoa. Lakini wakioa, wanaoana wenyewe."

Nilicheka. Mimi mwenyewe nilikuwa wa ibada ya asubuhi na sikuolewa, kwa hiyo mfano wake ulikuwa na upungufu. Lakini ndani ya kicheko kile kulikuwa na somo zima ambalo nilikuwa nimelilipia ada miaka minne bila kulielewa. Spishi haianzi kwa sura. Huanza pale ambapo viumbe vya asili moja vinaacha kupeana uzazi, kwa sababu ya mlima, mto, wimbo, harufu, au saa. Mara hiyo ikitokea, kila upande huanza kukusanya mabadiliko yake madogo ambayo upande wa pili haupati. Hakuna anayeyaona. Baada ya vizazi vingi vya kutosha, hata ukiondoa kizuizi na kuwakutanisha, hawawezi tena kuzaa pamoja. Sura inaweza kuja baadaye sana, au isije kabisa.

"Nenda usimame pale mchana mmoja," aliniambia. "Mmoja tu."

Sikwenda. Nataka mjue kwa nini, maana sababu yenyewe ni ndogo na bado iko ofisini kwenu. Kibali cha safari cha gari la kazi za nje kililitaka lirudi kabla ya chakula cha mchana. Dereva wetu wa siku hizo hakuwa mkaidi, alikuwa mwaminifu. "Madam, work ticket imesema saa sita," angesema akiwa tayari amewasha injini. "Mimi si mwenye gari. Hata wewe si mwenye gari." Kwa hiyo hifadhi nzima ilikusanya mimea ya nchi hii asubuhi. Tulipoukuta mukengeria usio na ua, tuliandika "bila ua" na kuuweka pamoja na wenzake. Hatukuwahi kujiuliza kama ua lilikuwa linatusubiri tuondoke.

Mountain View haihitaji gari la ofisi. Ningeweza kwenda Jumamosi, nikashuka pale barabara ya Waiyaki Way na kutembea dakika kumi. Hilo nalo lazima niliseme.

Baadaye kikaja kipindi cha kuziingiza sampuli kwenye kompyuta, na mimi ndiye niliyewekwa kukiongoza. Kila karatasi ilipigwa picha, maelezo yake yakachapwa kwenye fomu. Fomu ilikuwa na nafasi ya kila kitu isipokuwa saa. Tuliletewa pia majalada mapya meupe, kwa sababu yale ya kaki yalikuwa na asidi inayokula karatasi. Nilipofika kwenye jalada la Mzee Andayi nilizitoa sampuli, nikazichanganya na zile za kawaida, na juu ya kila moja nikabandika karatasi yangu yenye jina la ule wa asubuhi na sahihi yangu. Sheria ya kutoondoa karatasi ya mwenzako niliifuata. Saa zake hazikuwa kwenye karatasi, zilikuwa kwenye jalada. Majalada ya zamani yote yaliondoka na mama mmoja aliyekuwa akiuza njugu karibu na kituo cha basi, aliyeyaomba kwa adabu.

Mzee Andayi alikuwa amebakiza miezi miwili kustaafu. Alifungua kabati, akapitisha kidole kwenye majalada meupe.

"Jalada langu liko wapi?"

"Tumebadilisha yote, Mzee. Yale yalikuwa yanaharibu sampuli."

"Na saa?"

"Fomu haina nafasi ya saa."

Alivuta sampuli moja nusu, akasoma karatasi yangu, akairudisha ndani taratibu kama mtu anayemfunika mtoto. "Umetia sahihi," alisema. "Ulienda kuangalia?"

"Mzee, unajua mambo ya gari."

"Mimi nilienda kwa miguu."

Hakunilalamikia kwa mkuu, wala hakubandika karatasi yake kando ya yangu, ingawa alikuwa na haki hiyo. Nilijiambia kwamba amekubali. Sasa ninaamini alikuwa akingoja niibandue imani yangu mwenyewe, kwa mkono wangu. Miezi ile miwili tulizungumza kuhusu gundi.

Siku ya kumuaga kulikuwa na soda na keki, na hotuba ambayo ilitaja utumishi wake mrefu bila kutaja mmea hata mmoja. Alipokuwa akitoka alinipa pakiti ya maziwa iliyojazwa udongo, shina la kijani limechomoza juu yake.

"Panda mahali pa kivuli," alisema. "Siku ukiwa nyumbani mchana, utaangalia."

"Nitaangalia, Mzee."

Nilijibu kama mtu anavyojibu anapokaribishwa kijiji cha mbali asichokusudia kwenda. Nililipanda nyuma ya tangi, kwa sababu hapo pana unyevu, na nikalisahau. Siku za kazi niliondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni. Jumamosi nilikuwa kwa mama yangu Limuru hadi alipofariki, na baada ya hapo nilikwenda sokoni, saluni, popote penye watu. Jumapili ni kanisa. Huenda nililiona ua lile mara moja au mbili nikapita. Mtu akishatia sahihi, macho yake huifuata sahihi.

Ukingo wa kijito ulijengwa. Nilipata habari hiyo kwa Njoki, ambaye wengi wenu mnamjua, kijana wa maabara ya vinasaba. Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja mezani kwangu na karatasi zenye michoro.

"Madam, hii mukengeria yako inanisumbua. Sampuli zinajigawa makundi mawili. Si kidogo, ni mbali kabisa. Lakini nikiziangalia kwa macho, zero. Kuna kitu mlikuwa mnaandika, hata kwa daftari?"

Nilimwambia hapana. Halikuwa jibu la uongo kamili, kwa kuwa wakati huo kilichoandikwa hakikuwapo tena. Alikwenda Mountain View kutafuta mimea hai. Alirudi akaniambia pana ukuta, na nyuma ya ukuta maegesho ya magari. Nilimpa pole kana kwamba jambo lile lilikuwa la kwake. Miezi michache baadaye nikaomba kustaafu mapema, na kwenye barua nikaandika sababu za kifamilia, nikiwa sina familia ya kuwa sababu.

Hivyo ndivyo nilivyofika nyuma ya tangi, nimeinama, kibanio cha nguo mkononi.

Kesho yake sikuamini, nikatoa kiti. Maua yalifunguka saa saba na dakika ishirini na tano, yakafunga saa kumi na dakika kumi. Mukengeria wa asubuhi umejaa kote kando ya uzio wa jirani, na kufikia saa hizo ulikuwa umelowa ute. Siku ya tatu nikampigia Njoki.

Alikuja Jumamosi na begi lake, akachuchumaa, akalitazama ua lililo wazi, kisha saa yake, kisha mimi.

"Hii umeitoa wapi?"

"Nilipewa na Mzee Andayi. Alikuwa fundi wetu. Alijua."

"Alijua lini?"

"Kabla hujaanza shule."

Nikamweleza yote, na jalada, na mama wa njugu. Alikata jani la kupimwa vinasaba, akalitia kwenye bahasha. Kisha akasema, "Madam, mimi nimezunguka na hiki kitu mwaka mzima." Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Tukakubaliana kwamba kazi ya subira ni yangu, kwa kuwa sasa nina nafasi. Swali lilikuwa hili: je, mimea hii imetengana kwa saa tu, au imeshatengana hata ndani? Ua la mukengeria likikosa mgeni hujichavusha lenyewe linapojikunja, kwa hiyo kila mchana nilikuwa nikiwahi vitumba vinavyofunguka, nikiondoa vichwa vya chavua kwa kibano kabla havijapasuka. Chavua ya asubuhi niliikusanya saa mbili, nikaihifadhi kwenye karatasi ndani ya friji, karibu na siagi, na saa nane nikaipaka kwa brashi ndogo kwenye maua ya mchana. Niliyafunika kwa vipande vya neti ya mbu, nikafunga uzi wa rangi kwenye kila shina. Maua mengine niliyapa chavua ya mchana, ili nijue mkono wangu hauyaharibu. Na kwa kuwa Mzee angeniuliza kama chavua haikufia kwenye friji, nyingine niliilaza hadi siku ya pili na kuirudishia mimea ya asubuhi, nayo maua yake nikiwa nimeyaondolea vichwa vya chavua.

Niliifanya kazi hiyo kwa wiki kadhaa. Hakuna aliyekuja. Jirani wa juu alizoea kuniona, akaacha kuuliza. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kuanzia saa saba hadi saa kumi, na mara kwa mara nilijikuta nikitayarisha sentensi za kumwambia Mzee Andayi, aliyerudi kwao zamani na ambaye masikio yake, mkwewe aliniambia kwa simu, hayasikii tena simu. Vifuko vya mbegu vilipokomaa nilivipasua juu ya sahani nyeupe. Siku hiyohiyo niliandika barua hii, na nakala yake naiweka hapa badala ya ushauri.

*

Satellite, Jumatatu, tarehe 23 Juni

Mzee Andayi,

Mkwe wako ameniahidi kwamba atakusomea, na kwamba utamsikia akikaa karibu.

Shina ulilonipa nililipanda siku ileile na halijafa. Hilo ndilo jema pekee nililolifanya katika jambo hili. Nimeliangalia mchana kwa wiki sita na zaidi. Hufunguka kati ya saa saba na robo na saa nane kasoro robo. Hufunga saa kumi, mara chache saa kumi na robo, na siku za mawingu hukawia. Chavua ya asubuhi niliyoipaka kwenye maua ya mchana haikutoa mbegu hata moja. Chavua ya mchana ilitoa. Ile ya asubuhi iliyolala kwenye friji ilitoa pia, kwa wenzake wa asubuhi, ingawa kidogo. Kwa hiyo haikuwa imekufa. Imekataliwa. Ni mimea miwili, Mzee, na imekuwa miwili tangu kabla yako na kabla yangu.

Ukingo wa Mountain View haupo tena. Njoki, kijana wa maabara, ameuchukua mche mmoja, na mwingine ameupeleka bustani ya ofisi, mahali pa kivuli. Yeye ndiye atakayeandika maelezo rasmi ya spishi mpya, na jina la aliyeitambua ni lako. Amekubali bila kuombwa mara mbili.

Saa ulizoandika juu ya jalada nilizitupa. Sikuzitupa kwa ubaya, lakini zilikuwa za miaka mingi na hizi zangu ni za wiki chache, na hazitafidia. Kama bado una daftari, mpe mkwe wako alitume kwa gharama yangu. Kama huna, sitakuuliza tena.

Jumatano iliyopita nilikwenda ofisini kama mgeni, nikaandika jina kwenye kitabu cha lango, nikabandika karatasi mpya, "mukengeria wa mchana", kwenye kila sampuli ya jalada lako niliyoitia sahihi. Zangu za zamani sikuziondoa. Ulinifundisha zibaki.

Uliniuliza swali moja mbele ya kabati, na nilikujibu kuhusu gari. Leo maua yamefunga saa kumi na dakika tano. Nilikuwepo.

Wanjiru